Mawe yanavyojenga undugu kwa watu wasiojuana

Na Mwandishi Wetu, Tanga

KWA mkazi wa Ngamiani, jiwe ni kitu cha kujengea msingi wa nyumba, cha kuzuia mlango usipigwe na upepo, au cha kuchezea mdako. Ni wachache wanaofikiri kwamba kipande cha mwamba ambacho sonara hawezi kukitazama mara mbili kinaweza kuvushwa bahari na kutolewa bure kwa mtu ambaye aliyekituma hajapata kumwona.

Jambo hilo ni la kawaida miongoni mwa wakusanyaji wa mawe na madini, ambao siku hizi hufahamiana zaidi kupitia intaneti. Mtu wa Ulaya humwandikia mwenzake wa Marekani kuuliza jina la jiwe aliloliokota mtoni, hujibiwa siku hiyo hiyo, na baada ya wiki chache hupokea kifurushi chenye vipande vitatu au vinne vya nyongeza, pasipo kudaiwa hata senti.

Mkoa wa Tanga unahusika moja kwa moja na dunia hiyo, ingawa wakazi wake wengi hawana habari. Mawe ya Bonde la Mto Umba yamo katika makabati ya wakusanyaji wa nchi nyingi. Swali linalostahili kuulizwa ni iwapo ukarimu unaoyazungusha mawe hayo duniani unafika pia mahali yalikotoka.

Ni watu gani hawa?

Mkusanyaji wa mawe ni tofauti na mfanyabiashara wa vito. Mfanyabiashara hutazama rangi, uzito na usafi wa jiwe ili ajue litatoa pete ya bei gani. Mkusanyaji hulitaka jiwe kama lilivyotoka ardhini, likiwa na fuwele zake na, ikiwezekana, likiwa bado limeshikamana na mwamba uliolizaa. Jiwe lililochongwa na kung'arishwa humpa raha ndogo, kwa kuwa historia yake imeondolewa kwa mashine.

Walio wengi katika kundi hili ni watu wa kipato cha kawaida: walimu, mafundi, wastaafu na wanafunzi. Mapenzi yao ni ya zamani kuliko kompyuta. Maonyesho ya mawe na vito ya Tucson, nchini Marekani, ambayo leo ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani, yalianzishwa mwaka 1955 na wanachama wa klabu ya mji huo, wakitumia jengo la shule ya msingi.

Katika mikutano ya klabu za namna hiyo kuna desturi ya kutenga meza ya mawe ya bure. Kila mwenye ziada huiweka hapo, na kila mgeni huchukua akipendacho. Mtoto anayefika kwa mara ya kwanza haachwi aondoke mikono mitupu.

Desturi hiyo ina sababu inayoeleweka kwa urahisi. Anayepasua mwamba mmoja hupata vipande vingi vinavyofanana. Kipande cha kwanza ni hazina kwake, lakini cha tano kinamjazia nyumba tu. Kwa mwenzake asiyekuwa nacho kabisa, hicho cha tano ndicho cha kwanza. Kwa hiyo mtoaji hapungukiwi kitu, na mpokeaji naye hujiona ana deni la hisani, ambalo hulilipa kwa mtu mwingine siku nyingine.

Intaneti imeipanua meza hiyo ya bure. Mwingereza Jolyon Ralph alianza kuandaa orodha yake binafsi ya madini mwaka 1993, na mwaka 2000 akaifungua kwa umma kwa jina la Mindat. Leo orodha hiyo inaelezea maelfu kwa maelfu ya migodi, milima na machimbo duniani, yakiwamo ya Umba na Mirerani. Sehemu kubwa ya maelezo na picha zake imetolewa na watu wanaojitolea bila malipo.

Kikaratasi kinacholipa jiwe thamani

Kila jiwe linapotolewa, hufuatana na kikaratasi kidogo. Juu yake huandikwa jina la madini, mgodi au kijito lilikookotwa, kijiji, wilaya, nchi, mwaka, na jina la aliyelitoa. Likipita katika mikono mitano, hutakiwa kufika kwa mtu wa sita likiwa na majina ya wote waliotangulia.

Kwa macho ya mgeni huo ni urasimu mtupu. Kwa mkusanyaji, jiwe lisilo na kikaratasi ni sawa na yatima asiyejua kwao. Huweza kuwa zuri, lakini halimwambii mwanajiolojia chochote kuhusu ardhi iliyolizaa.

Umuhimu wa kujua asili ya jiwe unaonekana vizuri katika kisa cha Mirerani, Wilaya ya Simanjiro, mahali pekee duniani panapochimbwa tanzanaiti kwa biashara.

Mwaka 2016 wanasayansi wakiongozwa na John Jaszczak, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Michigan, walitangaza madini mapya yaliyotambuliwa katika mawe ya Mirerani. Katika kundi hilo walikuwamo Mike Rumsey wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London na Luca Bindi wa Chuo Kikuu cha Florence, Italia. Madini hayo yana molibdenamu, risasi, vanadiamu, antimoni na salfa, na umbo lake ni la kinywele cheusi kilichojiviringisha kama mkeka, ambacho aghalabu hakifiki hata milimita moja.

Kinywele hicho kiliitwa merelaniaiti, kwa heshima ya wachimbaji wa Mirerani, na Jumuiya ya Kimataifa ya Elimu ya Madini ikakitangaza kuwa Madini ya Mwaka 2016.

Hapo msomaji anaweza kulinganisha. Mwezi Juni mwaka 2020, mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia Serikali vipande viwili vya tanzanaiti vyenye uzito wa zaidi ya kilo 14 kwa zaidi ya Sh7.7 bilioni, na habari zake zikaenea dunia nzima. Merelaniaiti haina bei ya maana sokoni, na hupotea kirahisi jiwe linaposuguliwa ili livutie mnunuzi. Ilionekana kwa sababu walikuwapo watu waliothamini mawe ambayo hayajasafishwa kwa ajili ya pete, wakajua yametoka wapi, wakayatazama kwa hadubini na kushirikiana na wenzao wa nchi nyingine.

Jiwe lililotengwa Umba

Tanga nayo ina kisa chake. Mto Umba huanzia milima ya Usambara, ukapita nyika ya Mkomazi na kuingia Bahari ya Hindi upande wa Kenya, karibu na Vanga. Miamba ya bonde lake ni sehemu ya Ukanda wa Msumbiji, uliopikwa kwa joto na kukandamizwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ukanda huo huo ndio wenye tanzanaiti ya Mirerani na tsavoraiti ya Taita.

Kutokana na mapishi hayo, Umba hutoa yakuti za rangi nyingi kuliko ilivyo kawaida: za samawati, kijani, njano, zambarau, na nyingine zinazobadilika rangi zinapotolewa juani na kuwekwa chini ya taa.

Katika miaka ya 1960, wachimbaji wa bonde hilo walikuwa wakitafuta pia ganeti nyekundu ya waridi inayoitwa rodolaiti, iliyokuwa na soko zuri. Katika chekeche zao walikuta ganeti nyingine ya rangi ya chungwa iliyochanganyika na waridi. Haikulingana na ganeti yoyote iliyojulikana na wanunuzi waliikataa. Ikatengwa, ikapewa jina la malaya, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa.

Miaka michache baadaye wataalamu walibaini kwamba jiwe hilo ni mchanganyiko wa asili usiokuwa umeelezwa vyema kabla, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 bei yake ilikuwa imepanda. Jina halikubadilika. Hadi leo masonara wa Ulaya na Marekani hulitaja bila haya, ingawa wengine huliandika malaia.

Jina hilo ndilo kikaratasi pekee kilichosafiri na jiwe la Umba. Ndani yake mna lugha ya wachimbaji na mzaha wao, lakini hamna jina la hata mmoja wao.

Nani aliliona kwanza?

Suala la majina si dogo. Mwaka 1967, tanzanaiti ilipoanza kujulikana, Manuel de Souza wa Arusha, aliyekuwa fundi cherehani, alisajili eneo la kuchimba. Mwanajiolojia John Saul alizituma sampuli kwa baba yake mjini New York, nazo zikafikishwa kwa wataalamu wa vito waliozitambua kuwa aina ya zoisaiti. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ikalitangaza jiwe hilo kwa jina la tanzanite.

Mtanzania Jumanne Mhero Ngoma, aliyetajwa kuwa ndiye aliyeligundua, alisubiri muda mrefu. Alipewa hati ya kutambuliwa mwaka 1984, na Aprili 2018, katika uzinduzi wa ukuta wa Mirerani wenye urefu wa kilometa 24.5, Rais John Magufuli alitangaza kumzawadia Sh100 milioni. Alifariki dunia mwanzoni mwa mwaka 2019.

Laiti tangu siku ya kwanza kungekuwa na desturi ya kuandika kwenye kikaratasi jina la aliyeliokota jiwe, mjadala huo usingehitaji nusu karne.

Mipaka ya ukarimu

Pamoja na sifa hizo, dunia ya mawe si ya malaika. Palipo na bei kubwa, urafiki hujaribiwa. Campbell Bridges, mwanajiolojia aliyegundua tsavoraiti kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967 na kuipata tena Kenya miaka michache baadaye, aliuawa Agosti 2009 karibu na Voi, kufuatia mgogoro wa machimbo. Kwenye intaneti nako wamo matapeli wanaouza vioo vya rangi kwa jina la tanzanaiti.

Sheria nayo ina lake. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na marekebisho yake ya mwaka 2017, madini yote nchini ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Kuchimba kunahitaji leseni, na kusafirisha madini nje kunahitaji kibali. Mtu anayetia kipande cha yakuti ghafi kwenye bahasha na kumtumia rafiki yake wa ng'ambo, hata kama ni zawadi, anajitafutia kesi. Ni busara kuuliza kwanza katika ofisi ya madini ya mkoa.

Vivyo hivyo, kuvunja miamba inayoning'inia katika Mapango ya Amboni, yaliyo kilometa zipatazo nane kutoka mjini, ni uharibifu. Kinachokua kwa maelfu ya miaka hakiwezi kurudishwa kwa gundi.

Ngamiani ianzie wapi?

Kutazama, kuandika na kufundishana hakuhitaji kibali, na hapo ndipo shule na vijana wa mitaani wanaweza kuanzia.

Kokoto, jiwe la matumbawe na chokaa ya Pongwe vinatosha kwa somo la kwanza. Tone la siki likidondoshwa juu ya unga wa chokaa au tumbawe hutoa povu. Juu ya kwatsi halitoi. Kwatsi hukwaruza kioo cha chupa, ilhali chokaa haikikwaruzi. Mwanafunzi mwenye siki, chupa tupu na kioo cha kukuzia ameshapata maabara yake.

Anayetaka kuwauliza wataalamu kupitia intaneti apige picha mchana, nje ya nyumba, na kuweka sarafu kando ya jiwe ili ukubwa wake ujulikane. Aeleze mahali hasa alipoliokota, rangi yake likiwa kavu, na kama linavutwa na sumaku. Akifanya hivyo, ataona jinsi watu wasiomjua wanavyotumia muda wao kumsaidia.

Naye akijibiwa, aandike kikaratasi: jina la jiwe, mtaa au kijiji, tarehe na jina lake mwenyewe. Sanduku la mawe 20 yaliyoandikwa hivyo katika darasa moja la Tanga lina faida kwa elimu kuliko gunia la vito lililopita usiku bila kuandikwa popote.

Ukarimu wa wakusanyaji umeyapeleka mawe ya Umba mbali. Kinachotakiwa sasa ni maarifa yake yarudi: watoto wa Kalalani, Daluni na Ngamiani wajue nchi yao imebeba nini, na wanaofaidi mawe hayo ng'ambo wawatumie picha, majina na majibu. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Jibu la swali la mtoto halina uzito wowote, na halihitaji kibali cha kusafirishia.