Kunasa maji hewani: Kwanza uliza unga umepikwa na nini

Kama kwenu ni Bute, Wajir Kaskazini, huhitaji kuelezwa thamani ya mtungi wa lita 20. Misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, iliwafunza wengi kwa uchungu.

Lakini je, wajua kwamba hata hewa hiyo kavu unayopumua ina maji? Kazi ni kuyanasa.

Hapo ndipo unaingia unga uitwao MOF. Ni fuwele zilizojaa vitundu vidogo ajabu, zinazoundwa kwa kuunganisha metali na molekuli za kaboni. Ukipima eneo la ndani la gramu chache tu za MOF-5, iliyotangazwa 1999, unapata uwanja mzima wa kandanda! Usiku vitundu hunyonya mvuke; vikipashwa joto mchana, huuachilia, ukapoa na kuwa maji.

Mwaka wa 2025, Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walituzwa Nobel ya Kemia kwa kubuni fuwele hizi. Yaghi mwenyewe alilelewa Amman, Jordan, katika familia ya wakimbizi Wapalestina, ambako maji ya mfereji yalikuwa ya kusubiriwa.

Sasa, shida iko jikoni. MOF nyingi hupikwa ndani ya DMF, kimiminika cha kuyeyushia kinachoweza kudhuru ini na hata mtoto aliye tumboni. Kikisalia kwenye vitundu, nani atathubutu kunywa maji hayo? Kukiondoa na kukitupa salama nako ni gharama.

Ndiyo maana MOF-303 inasisimua. Yenyewe hupikwa kwa maji: chumvi ya alumini, asidi ya kikaboni na soda kali, kwenye joto la nyuzi 100 hivi. Katika jaribio la jangwa la Mojave, Marekani, lililotangazwa 2019, kilo moja ilitoa lita 0.7 kwa siku.

Piga hesabu: kujaza mtungi mmoja kwa siku unahitaji karibu kilo 29. Kwa hivyo usiuze tangi lako bado. Ngamia hawatashiba hapo. Ila kwa maji ya kunywa nyumbani, si haba.

Nawe unayesoma Kemia, siku ukisikia unga mpya wa kunasa maji, usiulize tu unatoa lita ngapi. Uliza pia umepikwa na nini, maana mnywaji ni wewe.