Komeo, Pingo na Kufuli

Tukiwauliza wanafunzi wetu majina ya vifungio vya mlango, wengi hutaja kufuli tu. Lakini lugha yetu yapambanua, na katika kupambanua huko mna shauri jema kwa kila aogopaye wevi.

Komeo hutokana na kukomea: ni kipande cha mti au chuma kisukumwacho ili mlango usifunguke. Pingo hutokana na kupinga: ni mti mzito ukingamao nyuma ya mlango, ncha zake zikiingia ukutani. Pingo hutiwa na aliye ndani, na komeo mara nyingi vivyo hivyo. Kufuli, neno lenye asili ya Kiarabu, hutiwa katika tumbuu, na mara nyingi kwa nje, na yule atokaye. Basi pingo humlinda mtu aliyemo. Kufuli hulinda mali ya asiyekuwamo, na papo hapo humwambia kila mpita njia ya kuwa mwenyewe hayupo.

Wevi wajua kuisoma alama hiyo. Kwa hiyo yafaa atokaye atumie kitasa kilichozamishwa katika ubao, kisichoonyesha kama nyumba ina watu au haina. Tena kufuli halipiti nguvu za tumbuu yake: misumari ikiwa mifupi, mwivi hana haja ya kulivunja, hung'oa tumbuu.

Watu wa kale hawakutegemea chuma peke yake. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mgeni hukuta kwanza daka lenye viti vya mawe, ndipo tekani, ambayo hupinda hata apitaye asione ndani. Walioketi dakani walikuwa macho ya mtaa. Nasi tukisafiri, na tumwarifu jirani mwaminifu.

Lakini neno moja lisisahauliwe. Siku hizi wengi hutia nondo madirishani, na usiku hufunga mlango wa chuma kwa kufuli upande wa ndani, kisha huuficha ufunguo. Moto ukizuka, nyumba hiyo ni mtego. Pingo huondolewa kwa mkono hata gizani; kufuli lataka ufunguo. Basi ufunguo uwe na mahali pake, pajulikanapo na wote waliomo, hata watoto, wala pasifikiwe kwa mkono kutoka dirishani. Mlango mwema humzuia mwivi asiingie, wala haumzuii mwenyewe asitoke.