Msaidizi wa darasa si kiraka

"Mtaalamu, kwa kuwa huyu kijana anajitolea tu, si tumpe darasa la kwanza?"

Swali hili nimeulizwa Rulenge, nimeulizwa Kabanga, nimefika Nyakahura nikalikuta limenitangulia. Wiki iliyopita mwenyekiti wa kamati ya shule mmoja alinipigia simu usiku kuniuliza hilohilo, safari hii akiwa ameshalijibu mwenyewe. Kijana amekwishakabidhiwa chaki, na mzee alichotaka kwangu ni baraka. Sina baraka za namna hiyo, na kwa kuwa nimechoka kulijibu kwa simu, nalijibu hapa mara moja.

Upungufu wa walimu sina haja ya kumweleza mtu wa Ngara wala wa Biharamulo. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 darasa la awali na mmoja kwa watoto 45 shule ya msingi, na mzazi yeyote aliyechungulia dirishani mwezi Januari anajua hesabu hiyo inaishia wapi. Kijiji kinatafuta kijana aliyemaliza kidato cha nne, kinampa chochote kilichopatikana, naye anaripoti shuleni. Hadi hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi unaanza ofisini, pale mwalimu mkuu anapoitazama ratiba, anaona tundu, na anamshonea kijana palepale. Ajabu ni kwamba tundu hilo halipatikani darasa la saba hata siku moja. Darasa la saba lina mtihani wa Taifa, na matokeo yake yatasomwa mbele ya watu. Tundu huwa la kwanza, au la awali.

Hapo ndipo imani yenyewe inapojianika: kwamba darasa la kwanza ni kuimba na kuhesabu vijiti, na kwamba anayejua kusoma anaweza kumfundisha mwingine kusoma. Nianze na huko kuimba. Ingia darasa lililoachiwa kijana wa kujitolea na utasikia raha: ba, be, bi, bo, bu, watoto wote kwa sauti moja, fimbo inatembea ubaoni, mwenyekiti wa kamati mlangoni anatabasamu. Sasa omba fimbo hiyo. Mwite mtoto mmoja, mwonyeshe "bo" peke yake, ukiwa umeziba zilizotangulia kwa kiganja. Mara nyingi mtoto atarudi kuanzia "ba", ataimba kimoyomoyo, na atasimama pale anapodhani wimbo umefika. Huyo hasomi, anakumbuka wimbo. Andika "bo" nyuma ya daftari, mbali na wenzake wanne na ukuta alioukariri, naye atakutazama kama umemwonyesha Kichina. Mwalimu aliyefunzwa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) anaujua mtego huu na ana mbinu za kuutegua: kuchanganya silabi, kumsikilizisha mtoto sauti ya kwanza ya neno kabla hajaiona herufi yake, kumpa neno ambalo hajawahi kukutana nalo. Kijana wetu hana mbinu hizo, wala si kosa lake. Yeye mwenyewe hakumbuki alijifunza kusoma namna gani. Nani kati yetu anakumbuka?

Lipo na la lugha. Mtoto wa Ngara anaingia shuleni na Kihangaza au Kishubi, na Kiswahili kwake ni lugha ya pili, hata kama redio ya nyumbani inakisema kutwa. Kihangaza ni ndugu wa damu wa Kirundi na Kiha, na watoto wengi huleta "r" penye "l": anarara, anakura. Ukishuka Biharamulo, dawati moja linaweza kumbeba mtoto huyo pamoja na mwenzake aliyelelewa kwa Kisukuma, ambaye naye anageuza upande wa pili: lafiki, balua, kalamu ya lisasi. Mwalimu anatamka neno moja, masikio mawili yanasikia herufi mbili, na madaftari yote mawili yanarudi na alama ya kosa. Kumwambia mtoto "umekosea" hapo hakumfundishi kitu, maana sikio lake halijasikia kosa lolote. Anahitaji mtu wa kuketi naye, amtamkie taratibu, amwonyeshe ulimi unapokwenda, kisha warudie kesho. Mwalimu mwenye watoto tisini haketi na mtu.

Msaidizi anaketi. Tena msaidizi wa kijijini ana kitu ambacho mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Mtwara au Dodoma hana: anaijua lugha ambayo mtoto analilia. Ukimsimamisha mbele ya watoto tisini na chaki mkononi, umechukua kile pekee alichokuwa nacho na kumpa kile asichonacho. (Zipo shule ambazo bado zinamvisha mtoto kibao shingoni akikutwa anaongea lugha ya nyumbani, halafu zinamlaumu kwamba ni mzito wa kuongea darasani. Nimeshindwa kuelewa kipimo cha aibu kinachohitajika ili mtoto wa miaka sita ajifunze irabu.)

Nikifika hapa huwa najibiwa, "Mbona walimu wa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, walitufundisha, na wao walikuwa darasa la saba?" Wanaouliza hivi wamesahau nusu ya habari. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 serikali ilichukua vijana wa darasa la saba kwa maelfu, ni kweli. Lakini haikuwatupa darasani na kwenda zake. Walisoma kwa miaka mitatu huku wakifundisha, wakiwa na mwalimu wa kuwasimamia, masomo ya redio, vitabu vya kusoma kwa posta, vipindi vya kukaa pamoja chuoni, na mtihani mwishoni. Unaweza kuubishia ubora wake, nami nitakusaidia kuubishia, ila usiulinganishe na kijana aliyepokewa Jumatatu na kuachiwa darasa Jumanne. Anayetaka mfano wa karibu zaidi na kijana huyo awakumbuke "vodafasta", vijana wa kidato cha sita waliopikwa kwa wiki chache kwa ajili ya shule za kata. Jina lenyewe walilipata mtaani, na mtaa haukuwa unawasifu.

Na kama ni kutafuta mfano, mbona Ngara wanao wa kwao? Mwaka 1999 MEMKWA ilipojaribiwa nchini, Ngara ilikuwa moja ya wilaya tano za majaribio, pamoja na Kisarawe, Masasi, Songea na Musoma vijijini. Vituo vile vya watoto walioikosa shule viliwekewa watu wawili: mwalimu mwenye cheti na mwezeshaji wa kutoka kijijini. Wawili kwa kundi la watoto 30 hivi. Hakuna aliyedhani kwamba wa kijijini amekuja ili wa cheti akapumzike. Wazo hilo lilikuwa hapa kwetu, kwa Kiswahili, zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Huko India wazo hilo lilipimwa kwa hesabu kuanzia mwaka 2001. Katika miji ya Mumbai na Vadodara, mabinti wa mitaa ya huko waliomaliza sekondari walipewa mafunzo mafupi na kulipwa posho ndogo. Kila siku walitoa darasani watoto 15 hadi 20 waliobaki nyuma na kukaa nao saa mbili, wakirudia yale tu ambayo watoto hao walitakiwa kuwa wameyajua tangu zamani. Alama zilipanda. Kilichonivutia mimi ni kwamba zilipanda kwa watoto waliotolewa. Wale waliobaki na mwalimu, ambao sasa darasa lao lilikuwa dogo, hawakufaidika kwa lolote linaloonekana. Kumbe dawa haikuwa kupunguza vichwa tu. Ilikuwa ni kumfikia aliyeachwa, pale alipoachwa.

Uingereza ilipata funzo la upande wa pili. Utafiti wa miaka mitano, kutoka 2003 hadi 2008, ulikuta kwamba watoto waliokaa zaidi na wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa hali ileile waliokaa nao kidogo. Tena wasaidizi wale hawakuwa wavivu. Shule ziliwageuza walimu wa watoto dhaifu, mwalimu mwenyewe akawa hawaoni tena watoto hao, na msaidizi kwa huruma akawa anawamalizia kazi. Kama nchi yenye fedha zile ilijikwaa hapo, sisi tunaompa kijana darasa zima tunategemea nini?

Basi, cha kufanya, na nitakwenda mbio kwa sababu hakina ugumu.

Msaidizi asiwe na darasa, awe na kundi. Watoto sita hadi kumi, majina yao yameandikwa na mwalimu wa darasa kwenye karatasi, dakika 40 kila siku, chini ya mwembe au kwenye kona ya darasa, kazi moja kwa wiki: wiki hii "l" na "r", wiki ijayo silabi zilizochanganywa. Ijumaa mwalimu mwenyewe anawasikiliza watoto hao mmoja mmoja, anayeweza anatoka, mwingine anaingia. Kundi likigeuka la kudumu, limekuwa jela. Andalio la somo, alama za mtihani na mazungumzo na mzazi kuhusu maendeleo ya mtoto ni kazi ya mwalimu. Kuandaa kadi za silabi, kuweka mahudhurio ya kundi, kwenda nyumbani kuuliza kwa nini mtoto haonekani siku ya gulio, hizo msaidizi anaziweza, na ya mwisho huenda anaiweza kuliko sisi sote.

Palipo na mtoto mwenye ulemavu, na shule ya Mugeza Mseto inayowapokea watoto kama hao iko mbali Bukoba, msaidizi amsogezee dawati karibu na ubao, amsaidie kwenda chooni, amrudie maelekezo. Asimwandikie. Daftari safi la mtoto aliyeandikiwa ni uongo mtupu.

Fimbo, hapana. Kanuni za mwaka 2002 zinampa mamlaka ya adhabu ya viboko mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi vinne na viandikwe kwenye daftari. Msaidizi hayumo humo hata kwa bahati mbaya.

Malipo: kamati iyaandike kwenye muhtasari, yatajwe ni kiasi gani na yatatoka wapi. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, kwa hiyo wanakijiji wakiamua kuchangia, mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu baba yake hajatoa. Kijana naye apewe barua yenye kazi zake, tarehe ya kuanza na jina la mwalimu anayemsimamia. Asiye na barua hutumwa kuchota maji ya mwalimu mkuu, nimeyaona.

Mwenyekiti wa simu ya usiku nilimwambia hayo yote. Akavuta pumzi, akauliza: sasa darasa la kwanza nani alishike, maana mwalimu kweli hayupo? Nikamjibu amtoe mwalimu bora aliyenaye darasa la tano ampeleke la kwanza. Akashtuka. Na la tano je? La tano wanajua kusoma, mzee. Waachie kitabu, waandikie kazi ubaoni, na mwalimu mkuu apite kusahihisha.