Lori moja la makaa, dakika 45 za Rusumo

Kona moja ya turubai ilikuwa imelegea. Dereva alipanda kwenye gurudumu, akaifunua, nikaona mzigo: mabonge meusi yanayong'aa, mengine makubwa kama ngumi, na katikati yake vumbi laini kama unga. Alichukua bonge moja, akalibana, likachanika kwa tabaka, viganja vyake vikabaki vyeusi.

Makaa hayo ya mawe yalichimbwa Ngaka, wilayani Mbinga, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa Rusumo, mpakani na Rwanda. Yanavuka daraja lililozinduliwa na Rais Magufuli na Rais Kagame Aprili 2016, kwenda kuchoma saruji Rwanda. Karibu na daraja hilohilo, maji ya Mto Kagera yanafua umeme wa megawati 80, unaogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

"Kinachonisumbua ni mvua," dereva alisema huku akikaza kamba. "Makaa yanakunywa maji. Umepakia uzito halali, ukifika mizani umezidi. Na ukiyarundika muda mrefu yanapata joto yenyewe, mwisho yanawaka."

Kisha akauliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: "Mimi nabeba moto, mwandishi. Kwa nini moto huu haufui umeme kwetu?"

Tukapiga hesabu. Katika mtambo wa kawaida, kilo moja ya makaa mazuri hutoa takriban uniti mbili za umeme. Joto lingine, karibu theluthi mbili, hupotea. Lori la tani 30 ni uniti 60,000. Mitambo ya Rusumo ikizunguka kwa nguvu zote hutoa kiasi hicho kwa dakika 45. Kuifidia siku nzima kungehitaji malori 32, kila siku ya Mungu.

Dereva alinyamaza, akatazama foleni. "Barabara hii ingekwisha," alisema. "Basi mtambo ukae mgodini, umeme ndio usafiri."

Hilo limewahi kujaribiwa. Mgodi wa makaa wa Kiwira ulikuwa na mtambo mdogo wa megawati 6, uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa China, na hatimaye ukasimama. Mchuchuma, wilayani Ludewa, imekuwa ikitajwa kwa miaka mingi kwa mtambo wa makaa wa megawati 600. Nako Kenya, mahakama ya mazingira ilifuta kibali cha mtambo wa makaa wa Lamu mwaka 2019.

Lakini mto nao una mipaka. Rusumo haina bwawa kubwa la akiba. Mpango wa bwawa hilo uliachwa ili watu wengi wasihamishwe. Kagera ikipungua, umeme nao unapungua, na Watanzania hawajasahau mgawo wa umeme wa mwaka 2011.

"Na majivu?" dereva aliuliza akiwasha injini. "Huku naacha makaa, narudi mtupu. Mtambo ukiwa kwetu, majivu nani atabeba, atayamwaga wapi?"

Sikuwa na jibu. Wanaopanga mitambo ya makaa wanapaswa kuwa nalo. Kabla mtambo wa Mchuchuma haujaanza, serikali iwaeleze wananchi wa Ludewa maji ya kupoza mitambo yatatoka wapi, majivu yatazikwa wapi, na uniti moja itauzwa kwa bei gani.