Kukwangua Tope Kabla ya Kutaja Bei

Eskaveta ilikuwa imesimama kwenye machimbo ya kokoto, Lugoba, na safari yake ilikuwa Mafinga. Mwenye mali alikuwa na semitrela yake, dereva wake na utingo wawili, vijana wenye misuli. Alichouliza kilikuwa cha mtu anayejua hesabu: kwa nini nimlipe mtu wa lobedi wakati gari langu limelala? Mzee wa lobedi, yaani trela ya kitanda cha chini ya kubebea mashine nzito, aliyeitwa kutoa bei hakujibu. Aliomba koleo, akainama, akaanza kukwangua tope lililoganda kwenye nyayo za chuma za mashine. Ndipo akauliza: “Bosi, huyu mnyama ana tani ngapi?”

Tope lile ndilo fizikia yenyewe. Tuseme eskaveta ina tani 20. Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo zinataka mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake, kwa kuwa breki za ghafla zinaweza kuusukuma kwa kiasi hicho. Hizo ni tani 16. Chuma kikilala juu ya chuma, msuguano hushika kama moja ya tano ya uzito, yaani tani 4. Kukiwa na tope bichi au grisi, hata hizo 4 usizitegemee. Zilizobaki, 12, ni za cheni.

Cheni nzuri ya daraja 80 yenye unene wa milimita 10 hukadiriwa kufunga mzigo kwa mvuto wa tani 6 na ushee. Kijana atakwambia mbili zinatosha. Lakini cheni haivuti kwa kunyooka. Hushuka kutoka kwenye mashine hadi kwenye kitanda cha trela. Ikiinama nyuzi 45, asilimia 70 tu ya mvuto wake ndiyo inayozuia mashine isiende mbele. Mbili zinakupa tani 9 hivi. Ongeza karibu tani 2 za msuguano kwa sababu cheni zinakandamiza mashine chini, na bado hujafika 12. Sasa tandika mpira mzito chini ya nyayo. Msuguano unapanda hadi kama 0.6, mpira peke yake unashika tani 12, na cheni zinabaki na kazi ya tani 4. Mzee hakunipigia hesabu hii. Alitoa tu vipande vya mpira uliochakaa nyuma ya kiti na kuvitupa chini.

Semitrela ya bosi ilikuwa na kasoro nyingine, urefu wa kitanda chake kutoka ardhini: kama mita moja na nusu, wakati lobedi huwa chini ya mita moja. Nusu mita hiyo inanyanyua kitovu cha uzito, na kadiri kitovu kinavyopanda ndivyo gari linavyopinduka kwenye kona kwa mwendo mdogo zaidi. Kwa kona kali ya nusu kipenyo cha mita 30, nilipata tofauti ya kilomita 6 hivi kwa saa. Si nyingi, ila dereva aliyezoea kubeba saruji haihisi mpaka imeshampita.

Na njia ya Mafinga inapita mlima wa Kitonga. Huko kunapandwa wakati wa kwenda, lakini gari hurudi, na mara nyingi hurudi na mzigo mwingine. Gari la tani 50 likishuka mita 100 za wima linaachia nishati ya kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji ya bomba, ndoo 7 kubwa. Joto hilo lazima liende mahali. Dereva mzoefu hulipeleka kwenye injini, kwa gia ndogo na breki ya eksozi, tangu kileleni. Asiyejua hulipeleka lote kwenye breki za magurudumu, mpaka zinatoa moshi na pedali inakuwa haina maana.

Mizani nayo haidanganywi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 56 kwa gari zima, lakini ekseli mbili zinazofuatana zenye tairi pacha zina kikomo chao cha tani 18. Ukisogeza eskaveta nyuma nusu mita tu, zaidi ya tani moja huhamia kwenye ekseli za nyuma. Majaribio ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito. Tani moja hiyo inazidisha maumivu ya lami kwa karibu robo.

Kwamba mzigo mzito unahitaji mtu anayeujua, Wajerumani walilijua hilo walipotaka meli Ziwa Tanganyika. Iliundwa kwao Papenburg mwaka 1913 meli ya chuma ya mita 71, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli kuelekea Kigoma. Lakini masanduku hayakuja peke yake: mafundi watatu wa kiwanda walisafiri nayo. Meli ile ndiyo tunayoiita Liemba.

Sisemi kila kitu kinahitaji mzee wa lobedi. Jenereta ya kilo 500 pakia kwenye Fuso yako, funga vizuri, nenda. Na anayehamisha mashine kila wiki anunue lobedi yake na kuwafundisha watu wake. Wapo pia “wataalamu” ambao utaalamu wao ni kuwa na gari tu. Hao utawajua, watataja bei kabla ya kuuliza tani.

Bosi alilipa, akinung’unika. Tulipofika Chalinze mzee alisimamisha gari, akashuka na nyundo, akagonga cheni moja moja huku akisikiliza. Mbili zilikuwa zimelegea.