Vitu vya Kale na Wenye Kuvitunza

Upande wa mashariki wa Pemba kuna kisiwa kidogo kiitwacho Kojani. Watu wake wengi ni wavuvi, nao husifiwa pwani nzima kwa uhodari wao wa bahari. Huondoka kwa makundi kwenda dago, yaani kukaa katika kambi za wavuvi mbali na kwao, hata Tanga na Mombasa, na miezi hupita ndipo warudi.

Watu wa namna hii wana vyombo vingi: jarife, juya, dema, mishipi na chubwi zake. Lakini dema likioza hutupwa, na nyavu za nailoni zimeziondoa zile zilizosokotwa kwa mkono. Mzee aliyejua kuzisokota akifa, hufa pamoja na maarifa yake.

Ndiyo sababu hujengwa nyumba za makumbusho. Unguja ilifunguliwa Beit al-Amani mwaka 1925, na msimamizi wake wa kwanza alikuwa tabibu, Dakt. Spurrier. Pemba nayo ina makumbusho Chake Chake, ndani ya mabaki ya ngome ya kale.

Mtu asidhani ya kuwa kazi ya nyumba hiyo ni kupanga vitu kabatini tu. Kitu kisicho na habari zake ni bubu. Chubwi ya jiwe, isipoandikwa ilitoka wapi, nani aliitumia, na kwa samaki gani, ni jiwe tu. Basi kazi kubwa ni kuuliza na kuandika, na hii yaweza kufanywa na mtu yeyote ajitoleaye bila ujira, hata mwanafunzi, mradi awe na subira na mwandiko safi.

Utazameni mfano wa Tumbe, kaskazini ya Pemba. Katika miaka ya 2002 hadi 2006 wataalamu Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba mahali pa kale huko, wakaona vigae vingi vya vyungu vyenye mifereji. Mpita njia angalivipiga teke. Wao waliandika kila kigae kilipoonekana, wakatambua ya kuwa watu wa Tumbe, zaidi ya miaka elfu iliyopita, walivitumia kusugulia shanga za makombe ya baharini. Lau vigae vile vingalikusanywa kapuni na watoto, habari hiyo ingalipotea. Kwa hiyo aonaye kitu ardhini na akiache papo hapo, akawaarifu wakubwa.

Vyombo vya nyumbani ni mbali. Hivyo huombwa kwa adabu, na mwenyewe akikataa, basi. Kisha jina huandikwa kama Wakojani wenyewe walitamkavyo, kwa kuwa lugha yao ina maneno yake, wala lisisahihishwe lifanane na la mjini. Wakati mzuri wa kuwauliza wazee ni jioni, wavuvi wamekwisha kurudi kutoka dago, nao wameketi kutengeneza nyavu zao.