Mpira Rasmi Haufanywi na Jina

Kila baada ya miaka minne, vikosi havijatangazwa bado, mpira wa Kombe la Dunia huwa umeshazinduliwa, umepewa jina na umefika madukani. Haupiti muda nakala zake zinaning'inia kwenye nyavu nje ya maduka ya Kariakoo, na kutoka huko zinapanda daladala kwenda Maili Moja, Mlandizi, Kisarawe mjini hadi Maneromango, ambako waandaaji wa mashindano ya mchangani huzinunua wakiamini wamenunua urasmi. Hapo ndipo ninapopishana nao. Mpira unakuwa rasmi kwa mambo mawili tu: pande zote zimeukubali kabla ya filimbi, na umepimwa. Jina na rangi ni biashara. Biashara si dhambi, ila isichanganywe na sheria.

Tuanze na fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia, Montevideo, tarehe 30 Julai 1930. Argentina na Uruguay walikuja kila mmoja na mpira wake, na hakuna aliyekuwa tayari kuchezea wa mwenzake. Ikaamuliwa kipindi cha kwanza upigwe wa Argentina, cha pili wa Uruguay. Argentina wakaenda mapumziko wakiongoza 2-1. Ulipoingia mpira wa wenyeji, Uruguay wakafunga matatu na mechi ikaisha 4-2. Sitadai kwamba mpira ndio uliobeba kombe, maana Uruguay walikuwa kwao, mbele ya mashabiki wao, na walikuwa mabingwa wa Olimpiki mara mbili mfululizo. Ninachosema ni kwamba siku ile mipira miwili mizima ilikuwepo uwanjani na hakuna hata mmoja uliokuwa rasmi, kwa kuwa makubaliano hayakuwepo. Miaka 32 baadaye, huko Chile, hali haikuwa nzuri sana. Mwamuzi Mwingereza wa mechi ya ufunguzi, Ken Aston, hakuridhika na mpira wa wenyeji ulioitwa Crack, akaagiza uletwe wa Ulaya. Ukafika kipindi cha pili.

Mwaka 1970 kampuni ya Adidas ilileta Telstar nchini Mexico, na tangu hapo ndiyo yenye tenda ya mpira wa Kombe la Dunia. Vipande 32 vilivyoshonwa pamoja, 12 vyeusi vyenye pembe tano na 20 vyeupe vyenye pembe sita: huo ndio mpira ambao mtoto yeyote huuchora akiambiwa achore mpira. Weusi ule haukuwekwa kwa ajili ya mchezaji. Uliwekwa kwa ajili ya mtazamaji wa televisheni isiyo na rangi, na hata jina lilitokana na setilaiti ya mawasiliano. Ufundi wenyewe ulikuwa kwenye umbo, kwani vipande hivyo vikishonwa kwenye mishono yake 90 na kujazwa upepo, hukaribia sana kuwa duara kamili. Badiliko lililotugusa sisi wa Pwani zaidi lilikuja kimyakimya mwaka 1986, pale Azteca ilipokuwa mpira wa kwanza wa Kombe la Dunia usio na ngozi ya mnyama. Ngozi hunywa maji. Kwa mkoa ambao masika yake huanza Machi na kuendelea hadi Mei, mpira usiolowa una maana kuliko nakshi zote zilizochorwa juu yake.

Kisha wabunifu wakaanza kupunguza vipande. Teamgeist ya 2006 ilikuwa na 14, vikiunganishwa kwa joto badala ya uzi. Jabulani ya Afrika Kusini, 2010, ilikuwa na vinane tu. Makipa wakalalamika, na Júlio César wa Brazil akaufananisha na mipira ya kununua supamaketi. Baada ya hapo wanasayansi, wakiwemo wa NASA, waliupima kwenye mahandaki ya upepo na kuona tatizo liko wapi. Mshono si kiungo tu. Ni ukwaruzo unaoushika upepo na kuufanya upite juu ya mpira kwa utaratibu. Mpira wa vipande 32 una mishono yenye urefu wa karibu mita 4 ukiijumlisha yote, ilhali Jabulani ilikuwa na takriban mita 2. Kila mpira usiozunguka huyumba ukifikia mwendo fulani, lakini mpira laini huyumba ukiwa na kasi kubwa zaidi, na kwa Jabulani kasi hiyo iliangukia palepale kwenye mashuti makali, kilomita 80 kwa saa hivi. Brazuca ya 2014 ilikuwa na vipande sita tu, pungufu kuliko Jabulani, lakini mishono yake ilirefushwa kupita mita 3 na uso wake ukatiwa vijinundu. Kelele zikatulia. Kwa hiyo anayehesabu vipande ili ajue mpira ni wa kisasa kiasi gani anahesabu kitu kisichomwambia mengi.

Sheria yenyewe inasema nini? Kanuni ya pili ya soka inataka mpira uwe duara, wa malighafi inayofaa, mzingo wa sentimita 68 hadi 70, uzito wa gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza, na msukumo wa upepo kati ya atmosfia 0.6 na 1.1. Jina halimo. Idadi ya vipande haimo. Juu ya hapo kuna alama za ubora za FIFA, zilizoanza mwaka 1996, ambapo mpira hupigwa ukutani kwa mashine mara 2,000 kuona kama utabaki duara, na hukamuliwa ndani ya maji kuona unakunywa kiasi gani. Tazama lakini huo upana wa upepo, kutoka 0.6 hadi 1.1. Mpira uleule ukijazwa kiwango cha chini, kisha ukijazwa cha juu, ni mipira miwili tofauti mguuni, na yote miwili ni halali. Timu ya Mzenga inayozoea mpira mlegevu ikikutana na wenyeji wa Tumbi wanaopenda ulioshiba, ugomvi wa Montevideo unarudi bila mtu kuutaja.

Na viwanja? Shirika la Elimu Kibaha lina majani yake, na Mlandizi kuna Mabatini, walikokuwa wakichezea Ruvu Shooting, timu iliyoshuka Ligi Kuu mwisho wa msimu wa 2022/23. Lakini mechi nyingi za wilaya za Kibaha na Kisarawe huchezwa juu ya mchanga, udongo mgumu na changarawe. Hapo mpira hauchoki kwa kupigwa, unachoka kwa kusuguliwa. Mpira ulioshonwa kwa mkono ukifumuka, fundi viatu huulegeza mshono, huuchomoa mpira wa ndani, huuziba, kisha huurudisha na kufunga kwa msharasi na uzi uliopakwa nta. Jioni uko uwanjani. Ule uliogandishwa kwa joto ukianza kubanduka kipande, fundi hana pa kupitisha sindano. Ukiwa nakala ya bei rahisi, ambayo vipande vyake vingine ni picha tu iliyochapwa, mara nyingi haufiki hata hatua hiyo, kwa sababu umbo limeshakuwa la yai.

Nitaambiwa kwamba mpira ni mmoja kwa timu zote mbili, kwa hiyo hakuna anayeonewa. Si kweli. Aliyefanya nao mazoezi wiki nzima anaujua unavyodunda, na kipa mgeni anajifunza mbele ya goli lake. Tena mpira mwepesi kupita kiasi hupunguza nafasi ya ufundi na kuongeza ya bahati, na mashindano huandaliwa ili kumpata bora, si mwenye bahati.

Pingamizi zito zaidi ni la teknolojia. Al Rihla ya Qatar ilikuwa na kifaa ndani kilichosoma mwendo wa mpira mara 500 kwa sekunde. Novemba 2022, Ureno ilipocheza na Uruguay, kifaa hicho kilionyesha kuwa Cristiano Ronaldo hakuugusa mpira aliodai kuufunga kwa kichwa, goli likabaki la Bruno Fernandes. Huo ni urasmi wenye kazi, sina ubishi. Ila kifaa hicho hakimo kwenye nakala inayouzwa dukani, na bila kamera na mitambo ya kukisoma kingekuwa uzito tu. Wapo pia wanaosema AFCON ya 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hiyo vijana wazoee mpira wa kimataifa mapema. Sawa, kwa walio kwenye akademi zenye majani. Kijana wa Masaki ya Kisarawe au Kiluvya hajifunzi mpira wa kimataifa kwa kuchezea picha yake. Anajifunza kwa kuchezea mpira duara wenye uzito sahihi, siku zote.

Na huo hauhitaji kutoka mbali. Mizani ya dukani inatosha kupima gramu 410 hadi 450, futi ya fundi cherehani inapima mzingo, na kifaa pekee cha kununua ni kipimo cha upepo. COREFA, chama cha soka cha mkoa wa Pwani, na vyama vya wilaya wanaweza kutaka kila barua ya mwaliko wa mashindano itaje aina ya mpira utakaotumika na kiwango cha upepo, na mwamuzi aupime mbele ya manahodha wote wawili, akiba ikiwemo. Timu ikiona kwenye barua mpira isioujua, ina wiki nzima ya kuutafuta na kuufanyia mazoezi, au ya kupinga kabla hata nauli haijachangwa.